Ellen Swallow Richards: Aliingia chuoni kwa mlango wa nyuma, akatoka na ramani ya maji

Simama kwenye daraja lolote la Mto Nairobi hapo katikati ya jiji, ukitoka upande wa Globe ukishuka kuelekea Gikomba. Huhitaji mtu kukuambia kwamba maji yale ni machafu. Pua yako inatosha. Lakini hebu nikuulize: ni machafu kiasi gani? Yalianza kuharibikia wapi? Na mwenye kiwanda akikwambia uchafu huo si wake, ati umeshuka kutoka huko juu, utamjibu nini?

Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Hasira tunayo, video za simu tunazo, lakini nambari hatuna. Na bila nambari, wewe na mwenye kiwanda ni watu wawili tu mnaobishana kando ya mto.

Ndiyo maana leo nataka nikupeleke mbali kidogo, hadi jimbo la Massachusetts huko Marekani, zaidi ya miaka 130 iliyopita. Huko kulikuwa na mwanamke mmoja aliyesimamia upimaji wa maji ya jimbo zima, chupa baada ya chupa, mwezi baada ya mwezi, hadi mito na visima vikaanza kutoa ushahidi vyenyewe. Jina lake ni Ellen Swallow Richards. Na kabla hujadhani nakuletea hadithi ya mtoto wa tajiri aliyepelekwa shule kali akafaulu, tulia. Huyu dada alisota kwanza.

Msichana wa dukani

Ellen alizaliwa tarehe 3 Desemba 1842 katika kijiji cha Dunstable, mtoto wa pekee wa Peter na Fanny Swallow. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu, na walikuwa na shamba. Hawakumpeleka shule ya kijiji. Walimfundisha wenyewe nyumbani. Alikuwa mtoto mwenye afya ya kuyumbayumba, kwa hivyo alisukumwa nje akimbie, apande miti, ashike udongo, ajue mimea kwa majina yake. Ukitaka kujua mwanasayansi wa nje alianzia wapi, alianzia hapo shambani.

Mwaka wa 1859 familia ilihamia Westford ili binti asome katika shule ya huko. Baba yake alifungua duka. Sasa wewe kama umewahi kulelewa dukani unajua maisha yake: unasoma kwa zamu, mteja akija unafunga kitabu, unapima sukari, unaandika deni, unarudi kwenye ukurasa wako. Baadaye walihamia Littleton na duka likawa kubwa zaidi. Ellen alikuwa karani, mhudumu, na mkono wa kulia wa baba yake.

Shule ya Westford ilipoisha, njia nayo ikaisha. Vyuo vya kuchukua wasichana vilikuwa vya kuhesabu, na karo haikuwa mchezo. Mama yake alikuwa mgonjwa mara kwa mara. Ellen akabaki nyumbani, akauguza, akafundisha watoto kidogo, akafanya usafi kwa watu, akaweka senti juu ya senti. Kulikuwa na kipindi cha miaka miwili hivi alichokipitia kwa uchungu mkubwa: hana ugonjwa unaoonekana, lakini hana nguvu, hana hamu, anaona umri unakwenda na hakuna kinachosonga.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kutosha, kwa hivyo sehemu hii ya maisha yake naisoma polepole. Watu hupenda kuiruka, wakimbilie vyeti. Lakini ukweli ni kwamba kabla ya vyeti kulikuwa na dada aliyekaa nyumbani akidhani mambo yameisha.

Hayakuwa yameisha. Mwaka wa 1868, akiwa na miaka 25 na akiba ya takriban dola 300, aliingia Vassar, chuo cha wanawake kilichokuwa na miaka mitatu tu tangu kifungue milango, huko Poughkeepsie karibu na Mto Hudson. Wenzake wengi walikuwa wadogo kwake. Yeye alisoma kama mtu anayelipia kila saa, maana alikuwa akiilipia kweli. Mwalimu wake wa elimu ya nyota alikuwa Maria Mitchell, mwanamke aliyejulikana duniani kwa kugundua nyotamkia, na ambaye hakuwa na muda na mwanafunzi wa kukariri tu. Kwake ulipaswa kuangalia mwenyewe, kupima mwenyewe, kuandika ulichokiona.

Ellen angeweza kuchagua nyota. Alichagua kemia, kwa sababu alitaka sayansi ambayo ingemfaa mtu wa kawaida jikoni mwake na kisimani kwake.

Mlango wa nyuma

Alimaliza Vassar mwaka wa 1870 na kuanza kutafuta kazi. Aliandikia kampuni za kemia akiomba hata kuwa mwanagenzi. Majibu yalikuwa yale yale unayoyajua wewe: hakuna nafasi. Kampuni moja ikamshauri ajaribu ile taasisi mpya ya teknolojia ya Boston, ambayo leo dunia nzima inaijua kama MIT. Tatizo ni kwamba taasisi hiyo haikuwa imewahi kupokea mwanamke.

Desemba 1870 walimkubali, lakini kwa namna ya ajabu. Alipokewa kama mwanafunzi maalum, bila kulipa karo. Yeye alifurahi, akadhani wamemhurumia kwa sababu hana pesa. Baadaye ndipo alipogundua sababu halisi: kama hajalipa karo, basi jina lake si la mwanafunzi rasmi, na wakubwa wakilalamika, rais wa taasisi angeweza kuwaambia kwamba hakuna mwanamke yeyote aliyeandikishwa pale. Kumbe zawadi ilikuwa kificho.

Mwaka wa 1871 ulianza vibaya. Alikuwa ndiyo tu ameanza masomo Boston pale baba yake alipoumia kwenye ajali ya reli akafa. Sasa alikuwa na mama mjane wa kuangalia, masomo magumu, na maabara iliyojaa wanaume wasiojua wamchukulie vipi.

Alifanya nini? Hapa vijana wa leo tunaweza kubishana naye. Hakugonga meza. Alifagia maabara, akapanguza vumbi, akawafunga maprofesa vidole vilivyojikata, akawashonea kanda za suruali zilizokatika. Alihesabu kwamba wakizoea kumhitaji, hawatamfukuza. Unaweza kusema alijishusha. Mimi pia ilinikera mara ya kwanza nilipoisoma. Lakini kumbuka mkono ule ule uliofagia ndio ulioshika bureti kwa uthabiti kuliko wengi mle ndani, na haikuchukua muda mrefu wakaona.

Mwaka wa 1873 alipata shahada yake ya kwanza ya sayansi kutoka taasisi hiyo, mwanamke wa kwanza kuipata. Mwaka huo huo Vassar wakampa shahada ya uzamili. Aliendelea kusoma akitumaini shahada ya uzamifu, lakini taasisi haikuwa tayari kumpa mwanamke. Akabaki hivyo. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Harusi ya buti

Juni 1875 aliolewa na Robert Hallowell Richards, profesa wa uchimbaji madini pale pale. Posa ilitolewa ndani ya maabara, katikati ya chupa. Na fungate? Walikwenda Nova Scotia, Kanada, pamoja na darasa zima la wanafunzi wa madini waliokuwa kwenye ziara ya masomo. Bibi harusi alivaa sketi fupi kwa viwango vya wakati ule na buti nzito, akapanda na kushuka machimbo pamoja nao. Wewe cheka, lakini ndoa hiyo ilidumu hadi kifo chake, na mshahara wa mume ndio uliomwezesha Ellen kufanya kazi kwa miaka bila malipo.

Maana kazi ya bure alifanya nyingi. Mwaka wa 1876, kwa msaada wa chama cha wanawake cha Boston kilichoshughulikia elimu, alifungua maabara ya wanawake katika taasisi hiyo. Hakulipwa, na juu yake alichangia pesa zake mwenyewe kila mwaka. Walimu wa kike waliokuwa wakifundisha sayansi kwa kusoma kitabu tu walikuja pale wakashika vifaa kwa mara ya kwanza. Maabara hiyo ilifungwa mwaka wa 1883 kwa sababu nzuri: taasisi ilikuwa imeanza kuwachukua wanawake kama wanafunzi wengine, kwa hivyo chumba cha pembeni hakikuhitajika tena.

Wakati huo huo alisimamia upande wa sayansi katika shirika lililofundisha wanawake kwa barua. Fikiria intaneti ya posta. Mama aliyekwama kijijini alitumiwa vitabu, sampuli za mawe na mimea, hata hadubini, kisha akaandika alichokiona na kukirudisha kwa barua. Mwaka wa 1881 alisaidia pia kuanzisha maabara ya kiangazi kule Annisquam, kando ya bahari, ambako walimu walisoma viumbe vya maji kwa kuvivua wenyewe. Kituo hicho kilikuwa mbegu ya maabara maarufu ya Woods Hole iliyoanza mwaka wa 1888.

Umeona mstari unaopita hapo? Kila mahali alipogusa, mwanafunzi alitolewa kwenye kiti akapelekwa kwenye kitu chenyewe.

Chupa zaja Boston

Sasa tuje kwenye maji.

Boston ya wakati ule ilikuwa ikikua haraka, kama Nairobi yetu. Hata mtaa wa Back Bay, ilipokuwa taasisi yake wakati huo, ulikuwa kinamasi cha Mto Charles kilichojazwa udongo. Viwanda vya nguo na ngozi vilijipanga kando ya mito ili vipate nguvu za maji, na mto ule ule ulibeba uchafu wao. Miji ilichimba mifereji ya maji taka na kuielekeza mtoni, kisha mji wa chini ukaweka bomba la kunywa. Wakati huo wahandisi wengi waliamini kwamba mto unaotiririka hujisafisha wenyewe baada ya umbali fulani. Ilikuwa imani ya raha sana, hasa kwa mtu anayeishi juu ya mto.

Ellen alikuwa amegusa kazi hii tangu 1872, alipomsaidia Profesa William Ripley Nichols kupima maji kwa niaba ya bodi ya afya ya jimbo. Mwaka wa 1884 taasisi ilimwajiri rasmi kuwa mkufunzi wa kemia ya usafi, katika maabara ya kwanza ya aina hiyo nchini Marekani. Kisha mwaka wa 1887 bodi ya afya ikaanzisha kazi ambayo hakuna jimbo lililokuwa limewahi kuijaribu: kupima maji yote ya ndani ya Massachusetts, yaani mito, maziwa, mabwawa na visima vya miji.

Msimamizi mkuu alikuwa Profesa Thomas Drown. Mwenye kuendesha maabara siku hadi siku alikuwa Ellen, akiwa na wasaidizi na wanafunzi vijana. Kwa karibu miaka miwili chupa ziliingia kutoka kila pembe ya jimbo. Si chupa moja kutoka kila mahali, la. Mahali pale pale palipimwa mwezi baada ya mwezi: wakati wa theluji, wakati wa mvua, wakati wa kiangazi. Mwishoni zilikuwa makumi ya maelfu ya sampuli.

Hebu ingia nami ndani ya maabara uone kazi yenyewe. Chupa inafunguliwa. Kwanza unainusa. Kisha unaangalia rangi yake ukilinganisha na chupa za kipimo, na unaangalia kilichotuama chini. Halafu kemia inaanza. Unatafuta amonia, maana kitu kilichooza karibuni huacha amonia. Unatafuta naitriti na naitreti, ambazo hukuambia uozo ule umefika hatua gani. Ni kama mpelelezi anayeangalia kama damu imekauka. Chupa nyingine inaenda kwa watu wa biolojia, ambao wanaangalia kwa hadubini mwani na vijidudu vinavyoishi katika maji hayo.

Halafu unatafuta chumvi. Kama ulisoma Kemia hadi kidato cha nne, kipimo hiki utakielewa. Unaweka maji kwenye chombo, unatia matone machache ya kromati ya potasiamu, maji yanakuwa ya njano. Kisha unadondosha nitrati ya fedha kutoka kwenye bureti, tone kwa tone. Kloridi iliyo kwenye maji inaikamata fedha na kuwa wingu jeupe. Kloridi ikiisha, tone linalofuata linageuza rangi kuelekea wekundu. Hapo unasimama, unasoma bureti, unaandika. Ni kazi ya dakika chache. Sasa ifanye asubuhi hadi jioni, kwa miaka miwili, bila kudanganya hata chupa moja kwa sababu umechoka.

Chumvi haidanganyi

Katika nambari hizo za chumvi ndimo jambo kubwa lilimojificha.

Upepo wa bahari hubeba chumvi na kuiingiza bara, na mvua huishusha. Kwa hivyo maji ya karibu na pwani yana chumvi zaidi kiasili, hata kama hakuna binadamu aliyeyagusa. Rasi ya Cape Cod, ambayo imezungukwa na bahari, ilikuwa juu kabisa. Vilima vya Berkshire kule magharibi vilikuwa chini kabisa. Ellen na Drown walipochukua vipimo vya maji yaliyojulikana kuwa safi na kuviweka kwenye ramani, mistari ilijichora yenyewe, mmoja baada ya mwingine, ikifuata ufuo wa bahari. Kila eneo likawa na kiwango chake cha kawaida cha chumvi.

Sasa angalia uzuri wake. Binadamu anakula chumvi na kuitoa kwenye mkojo. Uchafu wa choo ukipita kwenye udongo, udongo unaweza kuchuja harufu na rangi, maji yakatoka yanang'aa. Lakini chumvi haichujwi. Inabaki. Kwa hivyo ukipima kisima kilicho mbali na bahari, ukakuta chumvi imezidi ule mstari wa ramani, una habari mbaya kwa mwenye kisima: choo cha mtu kimeshapita hapo. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na bado yakamshtaki jirani.

Hii ndiyo ilikuja kuitwa ramani ya klorini ya kawaida, na majimbo mengine yaliiga mbinu hiyo. Ukiniuliza mimi, ukubwa wake hauko kwenye kemia, maana kipimo chenyewe kilikuwa kinajulikana tayari. Uko kwenye neno kawaida. Kabla yake, kila mtu aliweza kusema maji ni machafu. Yeye na wenzake walionyesha kwanza maji safi ya mahali hapo yanafananaje, na baada ya hapo ubishi ukaisha. Huwezi kumshtaki mwizi kama hujui nyumbani kulikuwa na nini.

Lowell juu, Lawrence chini

Labda unasema sawa, ramani nzuri, ilimsaidia nani? Twende Mto Merrimack. Mji wa Lowell uko juu na mji wa Lawrence uko chini, umbali wa kama kilomita 15 hivi. Yote miwili ilikuwa miji ya viwanda vya nguo, imejaa wafanyakazi wengi wao wahamiaji. Lowell ilimwaga maji taka mtoni. Lawrence ilikunywa mto huo.

Majira ya baridi ya 1890 kuelekea 1891, homa ya matumbo ilizuka Lowell. Muda mfupi baadaye ikafuata Lawrence. William Sedgwick, profesa wa biolojia katika taasisi ile ile ya Ellen, aliufuatilia ugonjwa huo hadi mtoni. Ile imani kwamba mto hujisafisha wenyewe ilianguka hapo, na watu walikuwa wameshazikwa.

Bahati ni kwamba jimbo lilikuwa na kituo cha majaribio Lawrence tangu 1887, ambako walijaribu kuchuja maji kwa tabaka za mchanga. Mwaka wa 1893 mji wa Lawrence ulipata chujio lake kubwa la mchanga, na vifo vya homa ya matumbo vikashuka sana. Ellen hakujenga chujio hilo, na sitakudanganya kwamba ni lake peke yake. Lakini kazi ile yote ilisimama juu ya mazoea ambayo maabara yake iliyajenga: kupima mahali pale pale, kwa njia ile ile, na kuandika kila kitu. Vijana waliopita katika taasisi hiyo miaka ile, watu kama Allen Hazen na George Whipple, walikuja kuwa majina makubwa ya maji safi Marekani.

Na mwalimu wao? Aliendelea kufundisha. Mwanafunzi wake hakuruhusiwa kuiamini nambari peke yake. Ilibidi ajue maji yametoka wapi, kisima kiko umbali gani kutoka chooni, ni nani anaishi juu yake. Nyumba yake ya Jamaica Plain nayo aliigeuza maabara. Aling'oa mabomba ya risasi, akaweka jiko la gesi badala ya makaa, akapima maji na hewa ya nyumba yake kwa ukali ule ule aliopimia maji ya jimbo.

Pale alipokosea

Usidhani kila alichoshika kilikwenda sawa. Mwaka wa 1890 alishiriki kufungua jiko la umma mjini Boston, lililouza chakula cha bei nafuu kilichopimwa virutubisho kwa watu wa kipato cha chini. Sayansi ilikuwa sawa, lakini wateja hawakuja kama ilivyotarajiwa. Wahamiaji walikuwa na vyakula vyao walivyovipenda, na hawakutaka kuambiwa na akina mama wasomi wale nini. Alikuwa amepima chakula lakini hakuwa amepima watu. Baadaye ujuzi huo ulitumika vizuri zaidi kwenye chakula cha mchana cha shule za Boston.

Mwaka wa 1892 alipendekeza hadharani sayansi mpya ya jinsi binadamu anavyoishi na mazingira yake: maji, hewa, chakula, nyumba. Aliiita ekolojia, neno lililokuwa limeundwa na Mjerumani Ernst Haeckel mwaka wa 1866. Wanabiolojia walilichukua neno hilo kwa mimea na wanyama, na kazi ya Ellen ikaenda upande mwingine, ikawa somo la sayansi ya nyumbani. Mwaka wa 1908 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha Marekani cha somo hilo. Ndiyo maana watu wengi, wakimkumbuka kabisa, hukumbuka upishi, wakasahau mito.

Na ile shahada ya uzamifu? Chuo cha Smith kilimpa ya heshima mwaka wa 1910, akiwa na miaka 67. Taasisi yake mwenyewe ilimwacha mkufunzi hadi mwisho, miaka 27 bila kumpa uprofesa. Alikufa tarehe 30 Machi 1911 nyumbani kwake kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa Gardiner, jimbo la Maine, mji ulio kando ya Mto Kennebec.

Sasa rudi darajani

Mto Nairobi unaanzia Ondiri, ile chemchemi ya kinamasi pale Kikuyu. Unapita mjini, unakutana na Mathare na Ngong, unaingia Athi, na Athi inabadilisha majina hadi inamwagika baharini karibu na Malindi ikiitwa Sabaki. Kwa hivyo unayo kazi kamili mbele yako. Huko juu kuna mahali pa kuanzia kupima, na huku chini kuna watu wanaokunywesha mifugo na kumwagilia sukumawiki.

Usiniambie huna digrii. Mimi pia sina. Chagua sehemu tatu za mto unazoweza kufika kwa miguu au matatu. Vaa glavu na viatu vya mpira, usiguse maji kwa mikono mitupu, wala usiende peke yako. Nenda siku moja kila mwezi, saa ile ile. Andika rangi, harufu, kama mvua imenyesha, kama kuna wadudu chini ya mawe. Mwalimu wa Kemia wa shule ya karibu ana bureti kwenye kabati. Mwombe, mpime chumvi pamoja na wanafunzi wake. Mwezi wa kwanza utaona ni upuzi. Baada ya mwaka utakuwa na kitu ambacho mwenye kiwanda hana.

Anza na chupa moja safi. Na kabla hujaitumbukiza mtoni, andika juu yake mahali, tarehe na saa.